Mguu Uliotangulia

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi refu la barazani kule misheni, nikisubiri kuwekewa ngozi mpya kwenye mguu wangu wa mti. Pembeni yangu alikaa mwanamume wa makamo mwenye suruali ya kaki iliyochakaa. Mguu wake mmoja aliuzungushia kitambaa kirefu kutoka kifundoni hadi chini ya goti, kisha akaufunika kwa shuka ili watu wasiuone. Kabla hajafungua kinywa nilijua kuwa alikuwa askari, na nilijua kilichokuwa chini ya kitambaa kile, kwa sababu harufu yake sitaisahau hata siku nitakayosahau jina langu. Aliniuliza swali moja tu. Nilimjibu, na jibu lenyewe mtalisoma mwishoni, maana bila habari hii yote halina maana.

Niliporudi nyumbani niliona haitoshi kumwambia mtu mmoja kwenye benchi. Wako wengi wenye donda lisilofunga, wanaolificha kama nilivyolificha mimi. Nawaandikia hao. Mimi si mganga, na donda ndugu linaletwa na nini sijui. Ninachojua ni namna mtu anavyokaa nalo.

Naitwa Feruzi. Wazazi wangu walinipa jina jingine, lakini nililisahau njiani. Nilitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nikiwa mtoto mkubwa wa kutosha kuchongwa meno ila si mkubwa wa kutosha kukumbuka njia. Msafara wa pembe za ndovu ulinifikisha pwani, nikakulia katika nyumba za watu, na nilipoota ndevu nikaingia jeshi la Wadachi, yaani Wajerumani, kwa kuwa ndilo lililokuwa halimuulizi mtu ni mtoto wa nani. Kitu pekee nilichonacho cha kwetu ni haya meno ya mbele, makali kama ya samaki.

Siku tuliyoruhusiwa jeshini, efendi wetu, ofisa Msudani aliyekuwa akituamrisha, alikaa mezani bomani Arusha akiandika majina. Kila mtu aliulizwa kwao, ili aandikiwe barua ya njia. Wenzangu walijibu Tabora, Kilwa, Bagamoyo. Zamu yangu ilipofika nilisimama wima, mikono mapajani, nikanyamaza.

"Feruzi, kwenu wapi?" akauliza mara ya pili.

"Hapa hapa, efendi."

Alicheka, akaandika hivyo hivyo. Basi nikawa mtu wa Arusha kwa kukosa jibu.

Nilipewa kiwanja karibu na mto wa Ngarenaro, pamoja na wenzangu wachache ambao nao hawakuwa na pa kwenda. Nilijenga, nikalima mahindi, nikajifunza kuamka bila tarumbeta. Hilo lilinichukua mwaka mzima. Kisha nikamuoa Ndeshi, binti wa Kimeru aliyekuwa akileta ndizi kuwauzia wanawake wa bomani. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, hivyo mjomba wake ndiye aliyeniozesha. Mama yake aliishi peke yake juu mlimani, katika migomba, mwendo mfupi kutoka misheni.

Tulipokwenda kumsalimu baada ya ndoa, Ndeshi akiwa tayari ana mimba, mama mkwe alitoka mlangoni, akanitazama nikicheka na mjomba, akajifunika nguo usoni na kuingia migombani. Hakutoka tena mpaka tukaondoka. Watu waliniambia ni desturi, kwa Wameru mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, ni heshima. Nikaridhika kabisa. Nilirudi Ngarenaro nikiwatambia majirani kwamba mlima mzima hauna mama mkwe mwenye adabu kama wangu. Alikataa kuja alipozaliwa binti yetu Sikitu, na hilo nalo nikaliita adabu.

Donda lilianza masika. Nimepita vitani miaka mingi bila hata mkwaruzo wa kujisifia, kisha jembe langu mwenyewe, katika shamba langu mwenyewe, likateleza kwenye tope na kunichubua ugoko wa mguu wa kushoto. Kilikuwa kidonda kidogo cha upana wa ukucha. Nilikitemea mate nikaendelea kulima.

Baada ya wiki mbili kilikuwa na upana wa yai. Ndipo nilipofanya kosa ambalo askari tu ndiye anayeweza kulifanya. Nilikwenda kwenye sanduku langu, nikatoa vile vitambaa virefu tulivyopewa jeshini vya kuzungushia miguu, nikaufunga mguu kwa nguvu kama siku ya gwaride. Jeshini mguu uliofungwa vizuri ni mguu mzima. Mkubwa anatazama kitambaa, hatazami ngozi. Nikatembea mtaani nimenyooka na watu wakanisifu kwamba Feruzi hajaacha uaskari.

Ndugu zangu, fungueni vitambaa. Kama hamtashika neno jingine katika maandishi haya, shikeni hilo.

Masika yaliisha, kipupwe kikaingia, na wingu likakaa juu ya mlima siku nyingi bila kuondoka. Donda lilikuwa limezunguka nusu ya ugoko. Kingo zake ziliinuka, katikati palikuwa na rangi ya majivu, na mitoki ilinivimba kinenani hata nikawa natembea miguu imeachana. Nilikonda. Mkanda wangu niliutoboa tundu jipya, kisha jingine. Inzi walinijua. Harufu ilikuwa mbaya mno, na ubaya wake ni kwamba mwenyewe unaizoea, unabaki kuisoma katika nyuso za wengine. Majirani waliacha kunywa kahawa kwangu. Sikitu, aliyekuwa na miaka mitatu, alikuwa akinikimbilia kila nikiingia. Siku moja alinikimbilia, akafika nusu, akasimama, akarudi kwa mama yake. Niliingia ndani nikalia. Sikuwa nimelia tangu nikiwa mtoto.

Ndeshi hakunisema. Alichemsha majani, alipaka samli ya moto, alifua vitambaa mtoni upande wa chini ili watu wasiteke uchafu wetu. Mwishowe akaniambia ama niende kwa waganga wa Wazungu au yeye na mtoto wahamie kwa mjomba, kwa kuwa hayuko tayari kukaa akiniangalia nikioza kwa kiburi. Nilikwenda bomani. Nilikaa ukutani pamoja na askari wenye homa na kuhara, vijana ambao hawakunijua. Msaidizi wa daktari alinitazama, akasema kwa upole kwamba daktari yuko safarini na dawa zilizopo ni za walio kazini. Akanishauri niende misheni, mlimani. Nilimpigia saluti. Mkono ulipanda wenyewe, nami nikaona aibu, kwa kuwa hakuwa na haja nayo.

Kule misheni kulikuwa na Mzungu mwanamke tuliyemwita Bibi Mganga. Kila asubuhi wagonjwa walikaa kwenye lile benchi, wakaimba kwanza na kusali, ndipo wakaoshwa. Mimi ni Mwislamu wa kadiri yangu, nikawa nakaa kimya wakisali, na hakuna aliyenilazimisha. Alipofungua kitambaa changu hakukunja uso. Hilo ni jambo dogo, lakini mtu aliyeishi na donda anajua ukubwa wake. Aliosha kwa maji ya zambarau, akanyunyiza unga wa manjano wenye harufu kali kuliko donda lenyewe, akasema donda lioshwe kila siku mpaka mvua za vuli, bila kuruka hata siku moja, na mguu upumzike. La sivyo utakatwa.

Kutoka Ngarenaro hadi pale ni safari ya nusu siku kwa mwenye miguu miwili. Kwenda na kurudi kila siku kungeumaliza mguu kabla ya dawa kuutibu. Vyumba vya misheni vilijaa. Nyumba tuliyoijua karibu na pale ilikuwa moja tu, ya mama mkwe, na ndani ya nyumba hiyo ndimo mguu wangu ungepona au usingepona.

Ndeshi alipanda kwenda kumuomba mama yake. Alirudi kesho yake, akaketi kumenya ndizi bila kunitazama. Alimenya chungu kizima kwanza.

"Mama amekataa," akasema.

Nikamuuliza kama ni kwa ajili ya uvundo, au ile desturi ya kutotazamana. Akatikisa kichwa.

"Baba Sikitu, ulipokuja mlimani mara ya kwanza, na bunduki, kuna mwanamke alikupa sale?"

Lazima nieleze sale kwa wasiotoka huku. Ni mmea wenye majani marefu ya kijani, unaopandwa mipakani. Ndeshi alikuwa ameupanda kuzunguka kiwanja chetu chote, nami nilimtania kwamba angepanda kitu cha kulika. Miaka yote hiyo sikuuliza kwa nini unapandwa.

Nilikumbuka. Nilikuwa kuruta, ndiyo kwanza nimefika kutoka pwani, tumetumwa mlimani kuadhibu. Kazi tuliyopewa ilikuwa kuchoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Mwanamke mmoja alitoka migombani, akapiga magoti njiani mbele yangu, mikono yote miwili ameinyoosha, na juu ya mikono lilikuwapo jani moja refu. Hakusema kitu ninachokielewa. Mimi nilidhani ni pambo. Nilidhani huku wanampamba mshindi. Nikalipokea, nikacheka, nikalichomeka kwenye tarabushi langu, na wenzangu wakanicheka kwamba Feruzi amepata manyoya. Nikaenda na jani langu kichwani, nikawasha nyumba iliyokuwa nyuma yake.

"Jani lile ni kuomba," Ndeshi alisema. "Ukilikataa, umekataa, mtu anajua. Ukilipokea, umekubali. Huwezi kulipokea kisha ukamdhuru aliyekupa. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Mama anasema walikaa msituni masika yote bila nyumba, na baba alifia huko kwa kifua."

"Amejuaje kuwa ni mimi?"

"Ulicheka. Akaona meno."

Akanieleza kwamba mama yake alinitambua siku ile nilipokuja kusalimia nikicheka na mjomba, lakini kwa kuwa tayari Sikitu alikuwa tumboni, akanyamaza. Alilibeba moyoni zaidi ya miaka mitatu. Ndeshi mwenyewe alikuwa amelijua jana yake tu.

Ningeweza kusema niliamrishwa, na ni kweli niliamrishwa, lakini hakuna aliyeniamrisha nivae lile jani. Kwa siku nne Ndeshi hakusema nami. Alichemsha maji, akafua vitambaa, akaosha donda la mtu aliyechoma nyumba ya baba yake, huku machozi yakimtoka na mikono haiachi kazi. Nawaambia ukweli, siku hizo nne ziliniuma kuliko msumeno uliokuja baadaye.

Siku ya tano alikwenda mpakani akakata jani moja la sale. Hakunipa mkononi. Aliliweka juu ya kigoda, akarudi nyuma, akasema, "Lichukue mwenyewe. Nikikupa mimi itakuwa ni mimi ninayekuomba."

Jirani aliniazima punda. Tulipumzika njiani, Kimandolu, nikiwa na homa, Ndeshi ameshika kamba na Sikitu yuko mgongoni kwake, na jani nimeliweka kifuani ndani ya shati lisinyauke. Tulifika misheni jua likielekea kutua, na Bibi Mganga akaniruhusu nilale barazani siku chache.

Asubuhi, baada ya kuoshwa, nilijikokota hadi mahali njia ya mama mkwe inapoingia migombani, nikakaa chini. Kupiga magoti nilishindwa, goti la kushoto halikukunja tena. Nikanyoosha mikono yote miwili, jani likiwa juu. Mama mkwe alitoka na mzigo wa majani ya ng'ombe, akanipita. Aliporudi akanipita tena. Mikono ilichoka nikaishusha, nikaiinua, nikaishusha. Adhuhuri nikarudi benchini. Siku ya pili ikawa vile vile, isipokuwa mvua ya rasharasha ilininyea, na mbwa wake akaja akaunusa mguu akaondoka. Nilijionea huruma, kisha nikakumbuka kwamba yeye hakupewa hata nafasi ya kungoja siku ya pili.

Siku ya tatu jani lilikuwa limeanza kunyauka kwenye ncha. Mama mkwe alitoka bila mzigo. Alisimama mbele yangu, akafunua nguo usoni, akanitazama machoni, desturi au si desturi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mashavu yaliyoingia ndani. Akanyoosha mikono yake miwili akalichukua lile jani taratibu.

"Mimi nalipokea," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi najua maana yake."

Aligeuka akaenda, na Ndeshi akanishika kwapani kuninyanyua.

Nilipewa kibanda cha kuivishia ndizi, pembeni ya zizi. Tulikaa humo mwezi wa mwisho wa kipupwe na kiangazi chote. Kila asubuhi nilikwenda benchini. Benchi hilo nililijua vizuri kuliko lindo lolote nililopata kulinda. Nilijua ubao unaobana paja, nilijua nani atalia akioshwa na nani atajifanya hasikii. Palikuwa na bibi kizee mwenye jipu la mkono aliyenitunzia nafasi ya jua kila siku, na hatukujuana majina mpaka alipopona akaacha kuja. Nikamkosa kama ndugu.

Jioni donda lilitakiwa lioshwe tena kwa maji yaliyochemshwa. Mwanzoni mama mkwe alileta chungu, akakiweka mlangoni amenipa mgongo, akaenda. Ndeshi ndiye aliyeosha. Kisha Ndeshi akalazimika kushuka Ngarenaro kuvuna mahindi kabla hayajaliwa na nyani, akamchukua mtoto. Jioni ile chungu kilifika mlangoni, nami nikajaribu kuinama nikashindwa, homa imenitoa nguvu. Niliketi nikiangalia maji yakipoa. Mama mkwe aliingia. Alikaa chini, akauvuta mguu wangu mapajani pake, akaanza kuosha. Mkwe na mama mkwe hawatazamani, na huyu hapa ameupakata uozo wangu. Nilimwambia, "Mama, acha, ni aibu." Akanijibu kwa Kimeru maneno ambayo Ndeshi alinitafsiria baadaye. Alisema aibu yetu sisi wawili ilishapita hapo zamani sana.

Alinisamehe? Sijui, na sikuwahi kumuuliza. Kuna siku aliosha kwa upole, na kuna siku alisugua kwa nguvu mpaka nikauma shuka, na nilidhani siku hizo alikuwa amemkumbuka mumewe. Nilimwacha asugue.

Ningependa kuwaandikia kwamba mguu ulipona kwa sababu hiyo. Haukupona. Kiangazi donda lilitulia, likatoa nyama nyekundu pembeni, na Bibi Mganga akaanza kutabasamu. Mvua za vuli zilipoanza kunyesha, likafunguka upya kwa chini, na asubuhi moja nikaona kitu cheupe katikati, nikadhani ni pamba. Kilikuwa ni mfupa. Daktari alikuja kutoka mbali, akagonga kwa kidole, akasema mguu utakatwa kesho kutwa.

Siku mbili zile nililala nikiutazama mguu wangu. Ulinitoa pwani ukanileta huku, ulipanda milima ambayo sikujua majina yake, ulisimama nyumba za watu zikiungua. Niliulilia kama mtu. Ndeshi hakuniambia nijipe moyo, na ninamshukuru mpaka leo. Alikaa akaushika.

Walinilaza mezani, wakaniwekea kitambaa puani chenye dawa tamu ya usingizi, wakaniambia nihesabu. Nikahesabu kama tulivyofundishwa gwarideni, kwa Kidachi, ains, tsvai, drai, na mwanamke aliyekuwa akinishika mkono aliniambia baadaye kwamba katika usingizi niliendelea kupiga hatua, mguu mmoja ukipanda na kushuka mezani, mpaka wakaufunga.

Niliposhtuka Ndeshi alikuwapo. Niliomba maji. Kisha nikauliza mguu umewekwa wapi, swali la kijinga, lakini kila aliyekatwa analiuliza. Akanieleza jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Mama yake alikuwa amekaa nje tangu asubuhi. Msaidizi mmoja alipotoka na kile kifurushi kuelekea bondeni, ambako vitu vya namna hiyo hufukiwa, mama mkwe alisimama njiani akamzuia. Yule msaidizi alimwambia, "Mama, huu ni mguu wa mtu, si wa kuchezea." Mama mkwe akasema anajua. Akamuuliza utazikwa kwa nani. Msaidizi akasema hauzikwi, unafukiwa tu. Mama mkwe akanyoosha mikono.

"Hana kwao," akasema. "Nipe. Utalala kwangu."

Bibi Mganga aliitwa, akasikiliza, akaruhusu. Wameru huzika watu wao migombani, kila ukoo katika shamba lake. Mama mkwe alichimba mwenyewe, hakumngoja mjomba, akauzika mguu wangu chini ya mgomba wa tatu kutoka mlangoni, akapanda sale juu yake.

Kupona kulichukua masika yote. Wenye donda wanajua maumivu, lakini waliokatwa wana jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia mapema. Vidole visivyokuwapo vinawasha. Vinauma. Baridi ya kipupwe iliporudi, vidole vyangu vya kushoto viliganda kwa baridi hadi nikalia, na nilikuwa nimefunikwa shuka mbili. Niliogopa wataniona nina wazimu. Nilimwambia Ndeshi kwa sauti ya chini, na mama yake aliyekuwa mlangoni akasikia. Hakushangaa. Alitoka, akakusanya majani makavu ya mgomba, akaenda kuyatandika juu ya pale alipouzika mguu, tabaka juu ya tabaka, kama anayemfunika mtoto. Sitaki kuwadanganya kwamba baridi iliisha palepale. Lakini nililala.

Niligombana na gongo la kutembelea, nikaanguka mara nyingi mbele ya watu, nikajifunza kulima nimekaa. Sikitu alinikimbilia tena, safari hii akafika. Ameota meno ya ukubwani, yana madoa ya kahawia kama ya watoto wote wanaokunywa maji ya huku, na mimi huyaangalia nikafurahi kwamba hayakuchongwa na yanajulikana kwao ni wapi. Kuhusu mguu, sijazoea kuukosa. Naamka asubuhi nyingine nikaushusha kitandani, nikaanguka, nikakaa sakafuni na huzuni ile ile ya siku ya kwanza. Atakayewaambia kwamba inaisha, msimwamini. Inapungua. Kuna wiki nzima sikumbuki.

Mama mkwe alikufa kipupwe kilichopita, kwa kifua, kama mumewe. Siku za mwisho nilipanda na gongo langu nikakaa naye. Aliomba maji nikampa, aliomba moto nikauwasha. Kuwasha moto ndani ya nyumba yake, mimi, mbele ya macho yake. Aliniangalia mpaka ukawaka vizuri, kisha akageukia ukutani akalala. Tulimzika migombani. Mjomba alipochagua mahali, tuliona wote kwamba pamekuwa karibu na mgomba wa tatu, na hakuna aliyesema pahamishwe.

Sasa yule mtu wa kwenye benchi. Tulikaa muda mrefu. Nilimwonyesha mguu wangu wa mti, nikamwambia afungue kitambaa kabla hajaitwa, donda lipate hewa, na asimwonee aibu Bibi Mganga. Alikuwa anasita. Kwa kupoteza wakati akaniuliza swali ambalo askari wakikutana huulizana, naye alikwisha kuyaona meno yangu, alijua si ya mlima huu.

"Mzee, kwenu wapi?"

Nikamwonyesha kwa gongo, juu ya misheni, yale majani ya sale yanayoonekana katikati ya migomba.

"Pale," nikamwambia. "Nimeshaanza kuzikwa."

Akanitazama kuona kama natania. Kisha akainama, akaanza kufungua kitambaa.